Kikapu Kilichopokelewa Mlangoni

Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu Kitaji, Musoma, Jumatatu asubuhi likituarifu kwamba Alhamisi wapulizaji wa dawa ukoko wataingia kila nyumba na kila chumba. Vyombo vitolewe nje, chakula kifunikwe, vitanda visogezwe katikati. Dawa itakaa ukutani miezi mingi, na mbu atakayetua pale hataondoka. Wapangaji wenzangu wa uani walifurahi. Mimi nilibaki nimekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikifikiria pa kuwapeleka buibui wangu.

Niseme mapema ili tusisumbuane mbele ya safari. Nafuga buibui. Si hawa wadogo wa darini, ni wale wakubwa wenye manyoya, wanaochimba mashimo kwenye miteremko ya Butiama, ambao mmoja akijinyoosha anajaza kiganja cha mwanamume. Nilikuwa nao saba. Kila mmoja alikuwa na kopo lake, yale makopo makubwa ya pipi ya madukani, mfuniko umetobolewa matundu, ndani nimeweka udongo, gome la mti na kizibo cha soda chenye maji. Mkubwa wao nilimwita Bibi Mkubwa. Nilimpata nikiwa bado sekondari, siku majirani walipotaka kumimina mafuta ya taa kwenye shimo lake, na tangu hapo hatujaachana. Majike yao yanaishi muda mrefu kuliko ndoa nyingi ninazozifahamu.

Siwashiki, kwa maana wanauma, na wakikuuma unalala na mkono umeuweka kwenye beseni la maji. Nawatazama tu. Kazi yangu ni kuuza duka la dawa, na tangu asubuhi nasimama nikisikiliza vikohozi, vidonda na visa vya nyumba za watu. Nikirudi chumbani nataka kukaa na kiumbe asiye na la kuniambia. Nawapa panzi, nawabadilishia maji, kisha naegemea ukuta na mwili wangu unatua. Watu wakiniuliza faida yake, hilo ndilo jibu langu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuridhika nalo.

Nilimwomba mwenye nyumba chumba changu kirukwe. Aliniuliza kama mimi si ndiye ninayemuuziaga dawa ya malaria kila masika. Ombi langu likaishia hapo. Kaka yangu Stanslaus, aliyeko Suguti, nilimpigia akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema mkewe ameshasikia na ameshaanza kufunga nguo zake. Akabaki Mugeta.

Mugeta ni fundi wa majokofu pale Bunda, anakaa Kabasa. Nilimpenda kwa sababu ndogo. Jumapili ya kwanza alipokuja kunitembelea Musoma, hakuleta soda wala maua ya plastiki. Alishuka njiani, akaingia kwenye nyasi za watu, akaja na chupa ya maji iliyojaa panzi wanaorukaruka. Akanikabidhi bila maneno, macho chini, masikio yamemwiva. Mwanamke mwingine angekasirika. Mimi niligeuka nikajifanya natafuta kibanio, kumbe nafuta machozi.

Lakini huyo huyo Mugeta alikuwa na ugonjwa mmoja, hawezi kusema jambo gumu mbele ya mama yake. Mama alikuwa amekwisha kusema kwamba katika nyumba ya mwanawe hataingia mwanamke mwenye buibui. Alikuwa Butiama wakati huo, na baadaye miguu ilipoanza kumvimba akahamia Kabasa ili awe karibu na matibabu. Kila nilipomwuliza Mugeta amefikia wapi na mama yake, jibu lilikuwa ni subiri kidogo. Miaka minne nimekula subiri kidogo, asubuhi na jioni, na haishibishi.

Jioni ile ya Jumatatu nilimpigia, nikamweleza habari ya dawa.

"Zilete kwangu," alisema bila hata kufikiri, na moyo wangu ukamwendea kwa hilo. "Alhamisi mama anaendaga jumuiya, anarudi jioni. Nitakuachia ufunguo kwa Siwema, yule fundi cherehani wa jirani. Ziweke stoo, nyuma ya majokofu mabovu."

"Sikukuuliza mama anaenda wapi. Nimekuuliza umemwambia?"

"Nitamwambia, Penina. Subiri kidogo."

Nilikata simu. Nilimpenda, na nilikuwa nimechoka, na vitu hivyo viwili vilikuwa vimekaa pamoja kifuani mwangu muda mrefu mpaka nikawa sijui kipi ni kipi. Nikajiambia kwamba safari hii ndiyo ya mwisho. Nitawapeleka viumbe wangu wapate pa kujihifadhi. Lakini kama Mugeta hatamwambia mama yake ukweli kwa mdomo wake mwenyewe, nitawachukua niwarudishe Butiama kwenye mashimo yao, na yeye nitamwacha Kabasa na mama yake.

Alhamisi nilipanga makopo ndani ya kikapu kikubwa cha ukindu, nikayakaza kwa vitambaa yasigongane, nikafunika juu kwa kanga yangu nzuri ya kijani. Nilifunika kwa sababu ya abiria. Mtu akiona miguu minane yenye manyoya ndani ya gari linalokwenda kasi, anaweza kufungua mlango. Nilikipakata kikapu njia nzima. Mzee mmoja aliniuliza kama ni kuku, nikasema ndiyo. Akanisifu kuku wangu kwa utulivu.

Kichwa changu chote kilikuwa kwenye matundu ya hewa na jua la mchana. Ndiyo maana sikukumbuka jambo ambalo Mugeta mwenyewe aliwahi kunisimulia.

Kwa akina Mugeta, binti anayetaka kuolewa humwendea mama wa mwanamume na kikapu kilichofunikwa. Ndani anaweka unga, samaki wakavu, chochote alichonacho. Kama mama hamtaki, atamkaribisha vizuri na kumpa maji ya kunywa, lakini kikapu kitabaki mlangoni mpaka mwenyewe aondoke nacho. Kama anamtaka, atakipokea kwa mikono yake miwili na kukipeleka chumbani kwake bila kukifunua, maana kukifunua mbele ya aliyekileta ni kumpima mtoto wa watu. Na kikapu kilichopokelewa hakirudishwi kitupu. Nilipoisikia desturi hiyo niliiogopa. Sikuwahi kupeleka kikapu, kwa kuhofia kukiona kimebaki mlangoni peke yake.

Nilipokata kona ya kwa Mugeta, mama alikuwepo.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, na Siwema yuko pembeni na cherehani yake, anashona sare za shule. Baadaye niliambiwa kwamba miguu ilimgomea asubuhi, jumuiya hakwenda. Nilisimama. Nilitaka kurudi, lakini Siwema alikuwa amekwisha kuniona, na mama naye akainua uso.

Macho yake hayakuja kwangu. Yalikwenda kwenye kanga.

Sijui nilieleze vipi. Ule uso niliuzoea umefungwa kama duka la Jumapili. Ukafunguka. Aliteremsha mguu mmoja, akateremsha wa pili, akashika ukuta, akainuka kwa taabu ambayo niliiona mpaka kwenye mdomo wake. Siwema alitaka kumshika, akamkataza kwa mkono. Akanijia hatua kwa hatua, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," nilisema, na sauti yangu sikuitambua.

"Marahaba, mwanangu. Umefika," akasema, na akakichukua kikapu.

Siwema akapiga vigelegele. Ng'ambo ya barabara mwanamke mwingine akaitikia, na wengine wakachungulia madirishani kujua kuna nini. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo niseme. Lakini miaka minne nilikuwa nimeutamani uso ule unitazame namna ile, nikashindwa kuuzima mbele ya watu. Mama akapita mbele yangu akichechemea, amekumbatia kikapu kifuani, akaingia chumbani kwake. Nilisikia kitanda kikilia alipokiweka juu yake.

Alinikaribisha sebuleni, akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Alinihudumia mwenyewe, hakutaka nisimame. Aliniuliza habari za kaka yangu na za duka, akaulizia na mvua ya Suguti. Mimi nilijibu huku sikio langu moja liko chumbani. Nilisikia, au nilidhani nimesikia, kucha zikikwaruza plastiki taratibu. Bibi Mkubwa hapendi kusafirishwa.

"Nimekungoja sana," mama alisema alipokwisha kukaa. "Nilikuwaga nasema huyu binti ana kiburi. Kumbe ulikuwa unaogopa."

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Mimi si mtu wa kuogopa." Akajisugua goti. "Lakini na mimi nimechangia. Basi. Mugeta aliponiambia umezitupa zile buibui zako, nilimwambia, basi mwambie aje sasa. Ni tangu masika hiyo. Nikakaa nasubiria, sikuoni. Nikasema labda amepata mwingine huko Musoma."

Kikombe kilikuwa karibu na mdomo wangu. Nilikirudisha mezani polepole.

Tangu masika. Kumbe wakati mimi nikiambiwa subiri kidogo, huku mama naye alikuwa anaambiwa hadithi yake. Sisi wawili tulikuwa tumesubirishwa na mtu mmoja, kila mmoja upande wake wa barabara, na Mugeta yuko katikati anatengeneza majokofu. Nilihisi uchovu umenishuka kuanzia mabegani mpaka kwenye nyayo. Hata hasira ilinijia kwa uvivu.

Ningeweza kusema pale pale. Lakini uongo haukuwa wangu, na nilikuwa nimechoka kumsemea mtu mzima. Nikaamua nitakaa mpaka mwenyewe arudi.

Mama alidhani nimenyamaza kwa aibu. Akasogeza kiti chake karibu na changu, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu na una joto.

"Usinielewe vibaya," akasema. "Mimi mdudu simwogopi, nimelima maisha yangu yote. Naogopa watu. Nilikuwa na shangazi yangu kule Butiama, mjane. Aliokotaga bundi amevunjika bawa, akawa anamlisha. Akamficha ndani ya tenga, anamfunika na kitenge ili watu wasione. Sasa siku walipokuja kumuona, hawakuuliza. Walichoma nyumba. Yeye alitoka mzima, lakini toka siku hiyo alikuwa akipika, hakuna mtu anakula. Alikuja kufa anapikaga sufuria ndogo ya mtu mmoja." Akanikaza mkono. "Nikikuona wewe na zile vitu zako nilikuwa naona ile sufuria."

Machozi yalinijaa. Miaka yote nilimwita mama yule mkaidi, kumbe alikuwa ananiogopea. Nikambana mkono wake.

Ndipo Mugeta akaingia.

Bado alikuwa na ovaroli lake lenye mafuta. Mkononi alikuwa na kitu alichokifunika haraka kwa shati lake kuukuu, na chini ya shati lile niliona kitako cha chupa ya maji na kitu cha kijani kinaruka ndani. Alikuwa amewaletea chakula wageni wangu. Hata siku ile, katikati ya kuchukizwa naye kote, moyo wangu uliruka pamoja na wale panzi.

Aliniona mimi. Akamwona mama amenishika mkono. Akaona vikombe viwili. Nadhani alikuwa amekwisha kusimuliwa na Siwema pale barazani, kwa sababu rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Mugeta, karibu baba," mama alisema kwa furaha iliyochoka. "Mkwe wangu ameleta kikapu. Nimekipokea. Sasa wapigie baba zako wadogo, wajiandae waende Suguti wakaongee na kaka yake. Sina miguu ya kungoja zaidi."

Mugeta akanitazama. Nilimjua yule mtu, nilijua macho yake yanasema nini. Yalikuwa yananiomba ninyamaze. Yalikuwa yananiambia kwamba mambo yamejipanga yenyewe, tumalize leo, makopo tutayahamisha taratibu, mama hatajua, tutaoana. Na sitawadanganya, kwa muda mfupi nililitaka hilo. Ningekuwa mke wake. Ningelala na kuamka karibu na ile shingo yake yenye alama ya kuungua. Bei yake ilikuwa ni kuwafunika buibui wangu kitenge kila mama anapopita, na kuishi ndani ya nyumba ile kama yule shangazi na tenga lake.

Nilimtazama na mimi. Sikutikisa kichwa wala kukonyeza. Nilimsubiri, na nilitaka aone kwamba hii ndiyo mara ya mwisho namsubiri.

"Eee, mama," akaanza. "Hicho kikapu... tutakuja kukiangalia vizuri baadaye. Wewe pumzika kwanza."

Nikasimama. Nilitoa mkono wangu taratibu kutoka kwenye mkono wa mama, nikajifunga upya mtandio.

"Mama, naomba unirudishie kikapu changu," nilisema. "Nisamehe sana. Naenda nacho."

Mama alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. Kuomba kikapu kilichopokelewa ni kuuvunja uchumba mbele ya mama mwenye nyumba.

"Nimekipokea kwa mikono yangu, Kabasa nzima imesikia," akasema. "Nimekukosea nini tena?"

"Wewe hujanikosea, mama."

Nilianza kwenda chumbani. Nilimpita Mugeta kwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya gesi ya majokofu kwenye nguo zake, na sikumgusa. Nilikuwa nimefika mlango wa chumba aliposema, na sauti yake ilikwaruza.

"Mama, nilikudanganya."

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atakatisha.

"Hakuzitupa. Sikuwahi hata kumwambia azitupe. Mimi ndiye nilikwambia hivyo ili uache kusema, na yeye namwambia asubiri." Nikasikia akisogea hatua moja. "Ndani ya kikapu sio unga. Ni hizo buibui, zote saba. Nilimwambia mimi azilete, kwao wanapulizia dawa, zitakufa. Na hizi," nikasikia shati likidondoka, "hizi ndio chakula chao. Nimezishika mwenyewe, kule nyuma ya machinjioni. Kila Jumapili nazishikaga. Ninampenda, mama, na ninazipenda na hizo buibui zake kwa sababu ni zake. Kama utanifukuza, nifukuze mimi. Yeye usimseme."

Panzi walikuwa wanagonga chupa. Nje, cherehani ya Siwema ilikuwa imenyamaza muda mrefu, na nilijua kwa nini.

Mama alishika mikono ya kiti, akainuka. Alinipita pale mlangoni, akaingia chumbani kwake. Nilimfuata, kwa kuogopa atayadondosha makopo. Hakuyadondosha. Alikaa kitandani kando ya kikapu, akakunjua kanga yangu pembe moja moja, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mto. Kisha akainama akatazama.

Bibi Mkubwa alikuwa amejibandika kwenye ukuta wa kopo, miguu imetandazwa, tumbo lake lenye manyoya liko wazi. Mama alimtazama muda mrefu. Nilisubiri achukue sandali, au aite watu. Uso wake ulikuwa umechoka tu, kama wa mtu aliyerudi shambani akakuta ng'ombe wamekula mahindi, na jua limekwisha kuzama.

"Huyu ana umri gani?" akauliza.

"Niko naye tangu nikiwa shule, mama."

"Kwa hiyo huyu amekaa na wewe muda mrefu kuliko Mugeta." Akavuta pumzi. "Zinatokaga humo?"

"Hazitoki. Mfuniko nafunga mwenyewe."

"Kelele?"

"Hazina."

"Huyu mwanangu naye hanaga kelele," akasema, "na angalia alivyotuchosha."

Sikutaka kucheka. Nilijikuta nimekaa chini sakafuni, mgongo kwenye fremu ya mlango, nalia na kucheka vyote pamoja kama mwendawazimu. Mugeta alikuwa amesimama nyuma yangu, chupa mkononi, hajui aingie au abaki. Mama akamwita kwa jina lake lote la ubatizo, ambalo sitalitaja hapa kwa sababu halipendi, akamwambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo.

"Mimi nilichokataa ni buibui. Ungekuja ukaniambia, Mama, nataka huyu na buibui wake, tungegombana, ningelia, ningekusemea kwa baba zako, halafu tungemaliza. Wewe umenipa miezi yote hii nakaa barazani naangalia barabara. Nimechoka na wewe. Sijachoka na huyu, wala na hawa wa kwenye makopo." Akafuta uso kwa kiganja. "Yule shangazi yangu alikuwa anaficha. Angemuacha yule bundi akae nje watu wakamzoea, labda angekufa na watu kwenye msiba wake. Humu ndani hatufichi."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akapaza sauti akamwita Siwema.

Siwema hakuchelewa, maana hakuwa mbali. Aliingia na tepu yake ya kupimia shingoni, akasimama mlangoni, akaona. Akarudi nyuma hatua moja, akashika kifua, akamtaja Mungu. Nilimwona anamtazama mama, anatafuta kwenye uso wake afanye nini, akimbie au acheke.

"Mama Mugeta," akasema kwa sauti ndogo, "mkwe wako amekuletea nini?"

Na yule mama ambaye aliogopa midomo ya watu kuliko moto, akanyoosha mgongo pale kitandani.

"Ameniletea wajukuu," akasema. "Saba. Wanakula panzi. Waambie na wa ng'ambo waje kuwaona kabla hatujawapeleka stoo, na anayetaka kusema kitu aje asemee hapa, miguu yangu haiwezi kumfuata."

Walikuja, kwa kweli. Walikuja wawiliwawili, wakachungulia, wakatoka wanashikana mikono na kuulizana. Mmoja aliuliza kama wanatoa utando wa kufumia. Mwingine alitaka kujua kama wanakula mende, na aliposikia wanakula, akauliza kama anaweza kuazimwa mmoja. Siwema alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji, anawaeleza watu mambo ambayo nimemweleza muda mfupi uliopita, na nusu yake alikosea. Mama alikaa pembeni anawatazama kwa macho mazito, na mkono wake ulikuwa begani kwangu.

Jua lilipoanza kulegea nilisema naondoka. Mama aliondoa makopo kwenye kikapu mwenyewe, moja moja, akamkabidhi Mugeta ayapange stoo. Kisha akajaza kikapu unga wa ulezi na samaki wakavu aina ya nembe waliofungwa kwenye gazeti, akafunika kwa kitenge chake mwenyewe cha kwendea kanisani. Kanga yangu ya kijani alibaki nayo. Alinikabidhi kikapu pale pale mlangoni alipokipokelea.

"Mwambie kaka yako aandae maziwa," akasema. "Tunakuja Suguti."

Nilimkumbatia. Nilihisi jinsi anavyotetemeka kwa kusimama, nikamrudisha kwenye kiti chake na kumwinulia miguu juu ya ndoo.

Mugeta alinisindikiza. Tulitembea mpaka tukaziacha nyumba za jirani nyuma. Kikapu kilikuwa kizito kuliko nilivyokuja nacho, nikakihamisha mkono huu na ule.

"Nisamehe, Penina," alisema.

"Bado."

"Najua."

"Sijui itachukua muda gani. Nimechoka sana, Mugeta. Usiniambie nisubiri, na mimi sikwambii usubiri. Bibi Mkubwa mpe panzi mkubwa Jumamosi, asipokula usimlazimishe. Nipigie unieleze."

"Nitakupigia."

"Na utaenda Suguti na hao wazee. Utaongea wewe. Sio baba zako wadogo wakuongelee."

Alikubali kwa kichwa, kisha akajirekebisha, akasema kwa sauti. "Nitaongea mimi."

Nilisimama. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaotoka sokoni, na pale Kabasa mwanamume habebi kikapu cha mwanamke, labda awe anahama nyumba. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Nilimnyooshea kikapu. Aliangalia watu, akaniangalia mimi, masikio yakamwiva kama Jumapili ile ya kwanza. Halafu akakipokea, kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani na kitenge cha mama yake juu, akatangulia mbele mchana kweupe.

Vijana wa bodaboda walimpigia miluzi. Hakugeuka. Nilimfuata nyuma polepole, mikono yangu ikiwa haina kitu.